Kinyago Ulichokishona kwa Waya wa Redio

Riruta, Jumapili alasiri

Jendeka mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda mtaa wa Jamhuri kumuaga shangazi yako, na pale langoni umegeuka mara mbili kama mtu aliyesahau kitu. Hujasahau kitu. Ni mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni nikikukodolea macho kama ng'ombe aliyeona gari. Nilikuwa na neno la kukuambia, nikaishia kukuambia ubebe mwavuli. Na jua lenyewe unaliona lilivyo kali.

Baba yako yuko kule nyuma anagonga patasi tangu tutoke kanisani. Anasema anamalizia kazi ya watu. Hana kazi ya watu yoyote, anaogopa tu kuingia ndani akaliona begi lako limesimama karibu na kabati. Basi nyumba ni yangu, kalamu ninayo, na ukishaanza kupiga gumzo na shangazi yako najua hurudi upesi.

Mambo ya blanketi na sufuria na maji ya kunywa sitayaandika. Shangazi yako ameshayamaliza. Mchungaji amekuonya kuhusu wavulana wa Kampala, na jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye hajawahi kufika hata Busia, amekuonya kuhusu Kampala yote iliyobaki. Huna upungufu wa maonyo.

Mimi nataka kuandika kuhusu kinyago. Unajua ni kipi. Huu ni mwaka wa tatu hatujakitaja humu ndani, na wewe ukipita karibu na meza yangu ya shanga unapita kwa mbali, macho mbele, kama unayepita karibu na mbwa usiyemjua. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda kusomea kazi hiyohiyo ya mikono kwa watu wengine, na mimi mama yako sijawahi kufungua kinywa nikakuambia kwamba nilijua mikono yako ina nini. Nilijua, Jendeka. Nilijua siku ileile ya kwanza. Sitaki uvuke mpaka ukidhani kwamba sikujua.

Lakini niruhusu nianzie nyuma kidogo, maana ukiusoma ubaya wangu kuanzia katikati utadhani nilizaliwa nao.

Nilipoolewa na baba yako sikujua kinyago ni kitu gani. Kwetu Vihiga ukutani tulitundika kalenda na picha ya harusi, basi. Kwao Ukambani walichonga vijiko, viti na wanyama. Hivi vinyago vya kuuzia wageni baba yako alijifunza hapa hapa Nairobi, kwenye kitabu cha picha kisicho na jalada ambacho wachongaji wa Riruta walikuwa wakiazimana mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa. Nyuso za nchi ambazo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzikanyaga. Yeye alichonga, mimi nikapamba. Nilishona simbi, nikapanga shanga, nikasuka katani iwe nywele na ndevu. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyowahi kupenda kazi yoyote. Uso ukitoka kwa baba yako ulikuwa mti tu, na ulipotoka kwangu ulikuwa na mwenyewe.

Jumanne yangu ya kwanza sokoni, pale mjini kwenye mteremko karibu na raundabauti, mama mmoja wa Kizungu aliokota kinyago akaniuliza maana yake ni nini. Nikamwambia ukweli kwa Kiingereza changu cha darasa la nane, kwamba hakina maana, mume wangu amekichonga Riruta wiki jana. Alikirudisha chini polepole, kwa adabu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu mwenye kamasi. Mwanamke wa kando yangu, muuza vikapu, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe mama, ukiambia hawa watu ukweli utalala njaa," akaniambia. "Wapatie stori."

Jumanne iliyofuata nikawapatia stori. Nilisema kinyago ni cha kabila la Wawanyee, watu wa msitu mnene, na wanakivaa mwezi ukiwa mpevu ili mvua isiwapite. Hao Wawanyee niliwatoa kwenye Barabara ya Wanyee, hapo tunaponunulia mboga. Mwanamume mmoja alitoa kijitabu akaandika jina lao, akaniuliza herufi moja moja, na mimi nikamtajia. Nilifika nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Nilipomsimulia baba yako, hakucheka. Alisema tu, "Sawa," akaendelea kupiga msasa.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikudanganya kwa sababu ya shida tu. Nilipenda kudanganya. Shuleni nilikuwa mtoto wa kuchapwa kwa sababu ya maneno mengi, na hapa nilikuwa nimepata watu wazima, wamesoma, wenye kamera shingoni, wananisikiliza kwa kinywa wazi. Kila Jumanne niliwaongezea kitu. Wawanyee walipata mfalme, wakapata vita, wakapata na ugonjwa wa macho. Wewe ukiwa mdogo uliwajua wote kwa majina. Tuliwataja tukiosha vyombo, na wewe ukanitungia binti wa mfalme aliyekataa kuolewa. Unakumbuka? Siku hizo zilikuwa nzuri, siwezi kuzikana.

Hadithi ikishazoeleka, inataka kinyago kifanane nayo. Hapo ndipo tukaanza kuzeesha. Hili unalijua kama unavyojua kupika chai, ila nataka kuliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Unachukua kinyago kipya unakikwangua kwa brashi ya waya. Unakipaka rangi ya viatu iliyochanganywa na masizi. Unakitundika juu ya moshi wa kuni mbichi siku mbili, kisha unakizika nyuma ya bafu, kwenye udongo wenye maji na kinyesi cha ng'ombe, wiki tatu. Mwisho unakitoboa vitundu kwa msumari mwembamba ili watu waseme ni wadudu. Wiki tatu za Riruta, na kinatoka kikiwa na miaka mia moja.

Sasa nije kwenye mwaka wetu.

Ulikuwa kidato cha pili. Ni mwaka ule serikali za nje zilipowaonya watu wao wasije Kenya, na soko la Jumanne likabaki sisi wauzaji kuangaliana na kuombana chumvi. Mteja niliyebaki naye alikuwa madam wa Lavington. Unamkumbuka, yule Mkenya mwenzetu mwenye miwani ya mnyororo, aliyestaafu kutoka ofisi kubwa, mwenye ukuta mzima wa vinyago sebuleni. Alikuwa ameshanunua kwangu viwili. Kila tulipokutana aliniambia, "Mama, niletee kitu ya zamani. Ya ukweli. Si hizi za kila mtu." Nami nikamwahidi, kama kawaida yangu, bila kujua nitakitoa wapi.

Agosti hiyo baba yako alikuwa amechonga uso mmoja mpana wa mjakaranda. Mti ulikuwa bado mbichi, akaniambia tuuache ukauke kivulini mpaka mwisho wa mwezi. Mimi na haraka yangu nikautundika juu ya jiko. Nilikuwa uani naanika nguo niliposikia mlio, ka! Nikakimbia ndani nikaukuta umepasuka kutoka kipaji cha uso mpaka kidevuni. Nikautupa kwenye kuni. Baba yako aliutazama tu akarudi kwenye patasi yake, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi.

Wewe uliokota uso huo kutoka kwenye kuni. Ulikuwa likizo. Siku nne nzima ulijifungia kule nyuma na mimi sikuuliza, nilidhani unasoma. Ulitoboa vitundu kandokando ya ule ufa kwa msumari wa moto, ukaichokonoa redio ya shosho yako, mama yangu mzazi, iliyoletwa kwetu baada ya mazishi yake na haikuwahi kulia tena, ukatoa waya wake wa shaba, ukaushona ufa mshono kwa mshono. Sijui ulionaje kwamba ufa ule ungekuwa ule mkunjo wa shavu lake. Mimi niliyelelewa na uso huo sikuuona. Katani uliilaza kwenye majivu mpaka ikawa na mvi. Ukaling'oa jino la chini na mwenzake kwa patasi ya baba yako, kama alivyong'olewa yeye akiwa msichana. Kope ukazishusha nusu.

Halafu ndani. Vinyago vyetu vyote vilikuwa vya kutundika, Jendeka. Macho yalitobolewa ovyo, na ukijaribu kukivaa unaona vidole vyako vya miguu peke yake. Chako ulikitoboa macho mtu aone mbele, na ndani ukakishonea kipande cha sweta yako ya shule iliyokubana, ile ya maruni, ili pua ya mvaaji isiumie.

Jioni moja nikiwa nasonga ugali, shosho yako akaingia jikoni. Alivaa leso yake, akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa upande kama alivyokuwa akisikiliza matangazo ya vifo redioni, mkono shavuni, akingoja kusikia kama kuna anayemjua. Niliacha mwiko umesimama kwenye sufuria. Moyo uliniruka, halafu ukanijaa. Nilitaka kupiga magoti pale chini nikamwambia mama, mbona umekawia.

Na unajua nilichosema. "Ndiyo maana katani yangu imeisha!"

Ulivua kinyago ukacheka, ukasema utanisukia nyingine. Hukukasirika hata kidogo. Usiku huo baba yako, ambaye maneno yake ya mwezi mzima yanaingia kwenye kiberiti, aliniambia, "Mama Jendeka, hicho cha mtoto usikiguse."

Muhula ulipofunguliwa ukarudi bweni. Nikakigusa.

Nilijipa sababu zote. Nilisema kila kitu kinachotengenezwa humu ni cha biashara. Nilisema utatengeneza kingine, mikono si unayo. Nilikikwangua ile rangi nyekundu uliyokipaka midomoni. Nikakipaka masizi. Nikakizika. Na kabla ya kukizika, nilikaa kwenye ngazi ya nyuma na wembe, nikaitoa ile sweta uzi kwa uzi, kwa sababu hakuna mganga wa miaka mia iliyopita aliyekuwa na sweta ya shule ya upili. Ulikuwa umeishona vizuri sana. Ilinichukua asubuhi nzima. Kwa nini mikono haikunisimama nikiwa nafanya hivyo, mpaka leo sijui.

Ulikuja mapumziko ya katikati ya muhula, nami nikakuomba unisaidie kubeba katoni mpaka Lavington. Nilijiambia kimebadilika, hutakitambua. Ona upumbavu wa mtu mzima! Mtoto asitambue uso wa shosho yake, na mishono yake mwenyewe.

Nakumbuka jinsi ulivyosimama pale sebuleni kwa madam, kwenye ukingo wa zulia kwa sababu hukutaka kulikanyaga na viatu. Nilitoa cha kwanza na cha pili, hakuvitazama. Nikatoa cha tatu. Sikukuangalia usoni. Nilisikia tu pumzi yako.

"Eh!" madam akasema. "Hii ni ya wapi?"

"Kongo, madam. Ilikuwa ya mganga, mzee sana. Alikuwa anaivaa kwa mazishi, kulilia watu wakubwa."

"Na hii waya?"

"Alishona mwenyewe. Ilipasuka siku mtoto wake alikufa."

Uongo huo niliutunga palepale, na ninakiri kwamba ulikuwa mzuri. Machozi yalimlengalenga madam. Alikichukua kwa mikono miwili akakivaa, akasimama mbele ya kioo.

"Aii, inaumiza pua," akasema kutoka ndani.

Ukafungua kinywa. "Ilikuwa na..."

Nikakukata. "Hao watu wa zamani walikuwa wagumu, madam. Hawakujali starehe."

Akakivua, akakutazama kwa upole, maana ni mwanamke mpole. "Na huyu msichana wako, pia yeye anajua hii kazi?"

"Huyu?" nikasema. "Huyu hajui kitu. Ananibebea tu mzigo."

Tulirudi kwa miguu kando ya zile kuta ndefu. Ulibeba katoni tupu kichwani ingawa haikuwa na haja ya kubebwa. Nilikuita, "Jendeka." Ukajibu, "Ni sawa tu, mum." Nikakuita tena tulipokaribia Kawangware, ukajibu vilevile, kwa sauti ileile. Ningefurahi kama ungenipiga na ile katoni mbele za watu.

Tangu siku hiyo umekuwa mtoto ambaye kila mama wa Riruta angemtaka. Unaamka kabla ya kuitwa. Unaosha vyombo bila kuambiwa. "Ni sawa tu, mum." "Haina shida, mum." Wawanyee wote walikufa siku moja, na binti wa mfalme wako pia. Brashi hujashika tena nyumbani. Ile michoro uliyopeleka Kampala uliichorea kwa shangazi yako Jamhuri, na habari ya kwamba umepata nafasi chuoni nilipewa na yeye, kwa simu, nikiwa sokoni. Nilipiga vigelegele mbele ya wenzangu, kisha nikaenda nyuma ya gari la muuza ngozi nikalia. Niliumia, na nilistahili kuumia, lakini kustahili hakupunguzi maumivu hata chembe.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda Lavington. Hili hulijui. Baba yako analijua, kwa sababu nilimkuta akinisubiri langoni niliporudi, nikamweleza.

Nilikwenda mikono mitupu. Yule mlinzi ananijua, akaniuliza, "Leo mama umeleta gani?" Nikamwambia leo nimeleta mdomo tu. Akacheka akanifungulia. Angejua nimekuja kumharibia madam siku yake, nadhani angeniacha nje.

Madam aliniandalia chai. Kinyago chako kilikuwa katikati ya ukuta, peke yake, na taa ndogo juu yake. Vingine vyote vilikuwa vimesogezwa kando kukipisha. Nilikitazama, na mama yangu akanitazama kwa zile kope zake, nikaweka kikombe chini.

Nilimwambia yote kwa mfululizo, nisije nikapata nafasi ya kutunga. Kwanza hakuamini. Alidhani ninataka kukirudisha nimpelekee mtu mwingine. "Mama, usinichezee," akasema. "Hii kitu imeonwa na watu wanajua mambo ya vinyago. Unaniambia ni ya juzi? Ya mtoto wa shule?"

Nikamwomba akishushe akiangalie kwa ndani, chini ya mshono wa tatu kutoka juu, mahali waya unapojifunga fundo. Alivaa miwani. Kwenye fundo kulikuwa na nyuzi za sufu ambazo wembe wangu haukuzifikia. Alizivuta kwa ncha ya kucha, akazipeleka dirishani kwenye mwanga. Zilikuwa za maruni. Akakaa chini.

"Kwa hivyo miaka yote hii nimekuwa nikiambia wageni wangu uongo," akasema.

"Wa kwangu, madam. Wewe hukujua."

"Na yule msichana alikuwa amesimama hapo tu."

"Alikuwa amesimama hapo."

Alizifumba zile nyuzi kiganjani. Kisha akaniambia, "Toka, mama. Tafadhali toka kwa nyumba yangu." Nikatoka. Chai yangu niliiacha nusu. Nilitembea mpaka nyumbani kifuani nikiwa mwepesi, na nikaona aibu kwa ule wepesi, kwa sababu nilikuwa nimeutua mzigo wangu kwenye sebule ya mtu.

Jumanne iliyopita, nikiwa sokoni, simu ikalia. Ni yeye. Hakunisalimu.

"Yule msichana anaitwa nani?"

"Jendeka."

"Na hiyo uso ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya mama yangu, mkulima wa majani chai, amezikwa Vihiga. Nikamwambia kuhusu matangazo ya vifo. Nilidhani laini imekatika. Kisha akasema kwamba siku zote alihisi kile kinyago kinamtazama kama mtu anayengoja amalize kusema, na hakuwa ameamini kwamba mganga wa mazishi angemtazama hivyo. Akasema hatanunua kwangu tena, kamwe, na nisimtafute. Nikasema sawa. Nilikuwa nimeshaanza kushusha simu aliposema, "Ngoja."

Anao wajukuu wanne, Jendeka. Miaka yote hiyo walikuwa hawaruhusiwi kukisogelea, kwa sababu kilikuwa cha miaka mia moja. Alipojua ni kazi ya msichana wa Riruta, aliitoa ile taa, akakishusha, akawapa. Kwanza alifanya kwa hasira, aliniambia ukweli wake. Lakini wanakivaa. Wanakimbizana nacho bustanini kutwa nzima, na yule mdogo wa miaka mitano akikivaa anakaa chini anainamisha kichwa, na hakuna aliyemfundisha. Pua zikaanza kuwauma, wakalia, basi madam ametafuta kipande cha blanketi ya mtoto akakishonea ndani kwa mkono wake.

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili, na muuza vikapu akaniuliza kama nimefiwa. Kimetolewa kwenye taa kimepewa watoto, na mtu mwingine angesema kimeshushwa hadhi. Lakini wewe ulikitengeneza kivaliwe. Nadhani sasa kiko karibu zaidi na ulivyotaka kuliko siku yoyote tangu nikiondoe mikononi mwako.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo lililonifanya nianze na ng'ombe na mwavuli na Wawanyee, nikizunguka.

Nilipokuwa nikimweleza madam uso ni wa nani, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema "mama yangu", na nikajua kwa nini nilisema kwamba wewe hujui kitu. Haikuwa kwa ajili ya uongo wa Kongo. Ningeweza kusema, "Ndiyo madam, anajifunza," na kinyago kingebaki cha Kongo vilevile, asingeshuku lolote. Nilikuonea wivu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeshona simbi kwenye nyuso za watu nisiowajua, nikawatungia wafalme na vita, na haikunijia hata siku moja kwamba ningeweza kuuweka uso wa mama yangu kwenye mti. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita na kipande cha kuni, na uliuweka. Nilikuwa mwalimu wako, na mwanafunzi alikuwa amenipita akiwa bado amevaa kandambili. Ningefurahi. Mama wa kweli angefurahi. Mimi nilikikwangua, nikakizika kwenye matope, na watu walipouliza ni nani aliyekitengeneza nikataja maiti.

Ndivyo ilivyokuwa. Sijaipamba. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi sasa, nitangoja.

Sina mengi ya kukushauri kuhusu kazi, kwa sababu mambo ya mbele yameshakuwa yako. Mti mbichi uache kivulini, hilo baba yako yuko sahihi. Na siku moja utakuwa na mwanafunzi, au mtoto, atakayefanya kitu mbele yako kifua chako kikabana. Kitabana, usijidanganye kwamba wewe ni tofauti. Jaribu tu kusema jina lake kwa sauti kabla hujasema neno lingine lolote. Mimi sijui kama inasaidia. Nimeanza kujaribu juzi.

Siziki tena. Jumanne wakiniuliza kinyago ni cha wapi ninasema ni cha Riruta, na wengi wanakirudisha chini kwa adabu. Wachache hawakirudishi. Baba yako amefurahi ingawa hasemi, na sasa anachonga uso wa yule muuza maziwa mwenye mashavu, na ameniomba nifikirie nyusi zake. Nimezifikiria siku mbili. Nimejikuta naamka nikiwa na hamu ya kazi, jambo ambalo halijanitokea kwa muda mrefu.

Nilikuwa nimepanga kukunja barua hii niitie kwenye begi lako, katikati ya mashuka, uje uikute ukiwa umeshafika, mbali, mahali ambapo huwezi kuniona nami siwezi kukuona. Lakini nimesikia lango. Nasikia ukimsalimia baba yako kule nyuma na yeye akijifanya hana habari na lolote. Nimebadili nia. Ukiingia nitakupa karatasi hizi mkononi, nitavuta kigoda, nitakaa mbele yako mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Ukimaliza usiniambie ni sawa, Jendeka. Haikuwa sawa. Niambie chochote kingine unachotaka, kwa sauti yoyote. Basi haliondoki mpaka kesho asubuhi, nami sitainuka.

Mama yako